Kipande cha Kuchoma na Kipande cha Moshi

Mwaka ule wa tisini na tisa, benchi la mbele ya duka la Hamud mjini Migori lilikuwa na wenyewe. Hamud aliuza misumari na mabati, lakini jioni alitoa birika la kahawa chungu yenye tangawizi, na wengi walifuata birika, si misumari. Gordon, fundi wa redio, walimwita Satelaiti, kwa vile hakuna habari iliyopita angani bila yeye kuinasa. Celestine, muuza samaki wa kutoka Homa Bay, walimwita Korti, maana ubishi haukwisha mpaka atoe hukumu. Na Javan, mwalimu wa kemia katika chuo cha diploma, walimwita Japuonj, mwalimu, hata siku za likizo. Jioni hiyo Javan alifika amenuna. Akatoa kitu chembamba cheusi mfukoni, akakiweka juu ya benchi.

— Hiyo ni nini? Gordon akauliza, akisogea mbali nacho.

— Disketi. Somo langu la zebaki limo humo.

— Lile la James?

— Hilo hilo.

Hakuna aliyecheka. James alikuwa kaka yake Javan. Alichimba dhahabu kule Macalder miaka na miaka. Alichanganya mchanga na zebaki, akapata donge, akalichoma jikoni kwake mpaka zebaki ikaenda na moshi na dhahabu ikabaki. Sasa mikono yake ilitetemeka hata mkewe ndiye aliyemnywesha uji. Javan alikuwa ameandika somo la wanafunzi wanaosoma wakiwa makwao: jinsi watu wanavyochoma, na jinsi moshi ule unavyomla mtu. Katika sehemu ya moshi aliweka maneno ya James mwenyewe, kama alivyoyatamka, kwa tabu.

— Sasa wanataka nilikate, Javan akasema.

— Nani hao? Hamud akauliza, birika likiwa hewani.

— Vyuo vikuu. Vya hapa na vya ng'ambo, wameungana. Wamekubaliana masomo yote ya kompyuta yafuate mtindo mmoja. Kila somo likatwe vipande vidogo. Kila kipande kisimame peke yake na kiwe na lebo yake: kinafundisha nini, kwa lugha gani, kwa mwanafunzi wa kiwango gani. Halafu kompyuta ya chuo chochote itakifungua, na mwalimu yeyote atakichukua akitie kwa somo lake.

— Kama betri, Gordon akasema. Redio yako, redio yangu, betri ni moja.

— Kama betri, ndiyo.

Gordon akatikisa kichwa polepole. Javan alimjua. Kichwa kile kikitikisika hivyo, jambo limeshaanza kunuka.

— Omera, ndugu yangu, betri nani anatengeneza? Si wewe. Wewe unanunua tu. Hao watu watachukua somo lako, watabandika lebo yao, kesho utalinunua.

— Wamesema ni la wote.

— Yawa! Celestine akaruka. La wote! Mimi samaki wangu akishakuwa wa wote, jioni nitapika nini?

— Lakini somo si samaki, mama. Nikikupa, mimi nabaki nalo.

— Unabaki nalo, na kazi je? Chuo kikishakuwa na vipande vya kila mwalimu, kitakutaka wewe wa nini? Si watashona vipande tu, wakufunge mdomo?

Hilo lilimchoma Javan, kwa sababu alikuwa amelifikiria usiku kucha na hakuthubutu kulisema. Akanywa kahawa, ikamuunguza ulimi.

Hamud, ambaye kwao ni Lamu na hupenda kupima neno kabla ya kulitoa, akaketi juu ya debe la misumari.

— Bwana Javan, mimi jambo moja lanitatiza. Kwa nini waanze na zebaki? Masomo yote duniani, wataka la dhahabu. Wallahi, hawa watafuta machimbo.

— Hawakuanza na langu, Hamud. Kuna la malaria, la hesabu, la—

— Hiyo ndiyo janja, Gordon akadakia. Ya malaria ni ya kukupumbaza. Lebo inaandika imetoka wapi, si ndiyo? Imeandikwa Macalder?

— Imeandikwa.

— Ero, ndiyo hiyo! Mtu ako huko Ulaya anauliza kompyuta, nionyeshe dhahabu, inamletea Macalder mpaka mlango wa James. Na hiyo mambo ya mtindo mmoja, mimi ndio fundi, nawaambia. Kila kitu ikiwa na umbo moja, inazimwa na swichi moja. Si mnasikia kompyuta zote zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia? Mbona wanakusanya akili ya watu wote kwa kompyuta sasa, miezi tu kabla zife? Wanataka ife nazo. Tuanze upya, tuwaulize wao.

— Satelaiti imeshika moto, Celestine akasema, lakini hakucheka sana. Na yeye aliitazama ile disketi kama samaki ambaye yeye hajui alivuliwa lini.

Javan alitaka kuwatetea watu wale wa vyuo. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wao Kisumu, akaona walimu kama yeye, wamechoka kuandika somo lile lile ambalo mwenzao wa mji wa pili ameshaliandika. Lilikuwa jambo la maana. Hata hivyo mashaka yalikuwa yamemwingia, na kila alipojaribu kuyashika aone ni ya nini, yalimponyoka.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando, mkononi ana kikombe. Aliitwa Faduma. Alikuwa amehamia kutoka Garissa juzijuzi kufungua duka la vitambaa jirani na Hamud. Dhahabu aliijua ya masikioni tu.

— Mwalimu, akasema, samahani, mimi ni mgeni. Umesema kuna kipande cha kuchoma, na kipande cha moshi?

— Ndiyo, mama.

— Na kila kimoja kinatembea peke yake?

— Ndiyo.

— Sasa mtu akichukua kile cha kuchoma, na hiki cha moshi asichukue, nani atamwambia?

Hamud akatazama ndani ya birika. Celestine, aliyekuwa na hukumu ya kila kitu, akaanza kupanga upya samaki wa beseni lake, ambao walikuwa wamepangika.

— Lebo itasema kuna kingine, Javan akajibu, na sauti yake mwenyewe haikumridhisha.

— Na asiposoma lebo?

Akilini Javan aliona mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, amefunga mlango wa jikoni ili upepo usizime moto, mbele yake maelezo mazuri yaliyoandikwa na Javan. Akachukua disketi, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi alipiga simu Kisumu kutoka kibanda cha posta. Mratibu wa mpango ule, mama mmoja aitwaye Monicah, alimsikiliza mpaka mwisho.

— Mwalimu Javan, hilo hatukulijadili, akakiri. Lakini mtindo ni mtindo. Kipande kimoja, jambo moja.

— Basi nitaandika jambo moja.

Akakaa chuoni siku nzima mbele ya kompyuta ya mkuu. Hakutenganisha tena. Moshi aliuingiza katikati ya kuchoma, sentensi kwa sentensi. Huwezi kusoma namna ya kuwasha moto bila kupita kwa James akisimulia siku aliyoangusha kijiko mara ya kwanza. Mkasi hata uwe mkali namna gani, haungepata pa kupita.

Monicah alipokipata kipande hicho, akapiga simu chuoni. Kipande ni kirefu kupita kiasi, akasema, lakini wangekipokea. Kulikuwa na ombi moja tu kutoka kwa wenzao wa ng'ambo. Yule mtu wa Macalder atolewe, kwa kuwa wanafunzi wa kwingine hawamjui.

Javan aliisogeza simu karibu na mdomo.

— Ndiyo maana nimemweka, mama, akasema. Wamjue.