Nani Anakusubiri Nje: Maisha ya Magdalena Antipasi Mughwai, 1968–2025

Mpendwa wetu Magdalena alizaliwa Unyambwa, Singida, Alhamisi ya tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Antipasi Mughwai na mama Loyce. Mama yake alikuwa akisema binti huyu alianza kuuliza maswali kabla meno hayajaisha kuota. Sisi tuliokula naye sahani moja hatubishi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Unyambwa, 1976 hadi 1982, kisha sekondari, na mwaka 1990 akahitimu uuguzi. Mwaka 1996 aliongeza utaalamu wa usingizi, ule ambao wengi wetu tunauita nusu kaputi. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano katika hospitali moja ya misheni mkoani kwetu.

Alikuwa na desturi yake. Hakumlaza mgonjwa yeyote kabla hajamuuliza, "Nani anakusubiri nje?" Akishatajiwa jina, alilikariri, na upasuaji ukiisha alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi kumtafuta mtu huyo. Mzee mmoja wa Mitundu, aliyebanwa na ngiri akitoka mnadani, alimjibu kwamba anasubiriwa na ng'ombe. Magdalena alitoka, akamkuta ng'ombe kweli, kafungwa kwenye uzio, akamwambia, "Mzee wako kaamka salama." Wahudumu walicheka hadi jioni. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Alifunga ndoa na Mwalimu Chrispin tarehe 9 Oktoba 1993, wakajenga Iguguno na kulima alizeti. Posa aliijibu baada ya miezi saba, akidai alikuwa bado anakusanya taarifa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Philipo, Hana na Eliana.

Ugonjwa ulianza mwaka 2017, kwa hila. Uso ulimwaka moto ghafla, kama mtu aliyeinamia sufuria la ugali. Tumbo lilimwendesha, kifua kikapiga filimbi. Kina mama wenzake walisema ni kukoma hedhi. Wapo waliosema anakunywa kwa siri, na leo wamekaa hapa. Tumewasamehe, ila tumeyakumbuka. Yeye mwenyewe alijiambia ni pumu, akanunua dawa ya kuvuta. Aliyewahoji wagonjwa wote hakujihoji.

Agosti 2021 utumbo uliziba, akapelekwa chumba kile kile cha upasuaji alichokitumikia. Aliyemlaza ni Peniel, mwanafunzi wake mwenyewe. Daktari alipougusa uvimbe tu, presha ilianguka na kifua kikafunga. Peniel alimpa adrenalini, dawa ya kupandisha presha, kama alivyofundishwa na Magdalena huyo huyo, naye akazidi kuzama. Walichukua kinyama cha kupima, wakaufungulia utumbo njia ya muda, wakashona haraka. Aliamka siku ya tatu.

Majibu yalisema ni uvimbe uitwao kasinoidi, na tayari umefika kwenye ini. Uvimbe huo humwaga kemikali kwenye damu, ndizo zilizokuwa zikimuwasha uso. Ukiguswa mtu akiwa usingizini, huzimwaga zote kwa mkupuo, na adrenalini inaweza kuuchochea zaidi. Ipo sindano ya kuutuliza, oktreotaidi, ambayo mgonjwa huanza kuipata kabla hajalazwa. Wakati ule mkoani haikupatikana.

Hapo ndipo dada yetu aliponaswa. Uvimbe ukibaki, utumbo utaziba tena. Ukikatwa bila dawa, hataamka. Clement, mdogo wake, alishindwa kuvumilia. "Dada, unakufa umekaa! Waambie wakupasue."

"Clement, chumba kile nakijua kuliko jiko langu," alimjibu. "Nikiingia bila dawa, Peniel atatoka nje kuwaambia nini?"

Alisubiri miezi mitano. Hakuthubutu kupanda basi wala kukaa ibada nzima, kwa ajili ya tumbo. Kitanda kilihamishiwa chumba cha uani, karibu na choo, na huko aliishi na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Sisi tuliomtembelea tulifurahi kutoka mle ndani, na tunaona aibu kulisema.

Peniel naye alikuwa ameacha kulaza watu, kaomba kuhamishiwa mapokezi. Dawa ilipofika kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi la barafu, Magdalena alimwita.

"Shikamoo mama. Siwezi kukulaza tena."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeona nilivyozama. Mwingine atakuja kujifunzia kwangu."

Tarehe 18 Januari 2022 Peniel alimtundikia dawa mapema, akaweka nyingine tayari kando yake, akainama. "Mama, nani anakusubiri nje?" Magdalena aliwataja wote, mmoja baada ya mwingine, hadi Peniel akasema, "Mama, wanatosha." Aliyaandika majina kwenye plasta, akaibandika kwenye mkono wa gauni lake la kazi. Presha iliyumba mara mbili, dawa ikairudisha. Saa nane mchana Peniel alitoka hadi kwenye benchi akasoma plasta kwa sauti, huku akilia. Alirudi kulaza watu wiki iliyofuata.

Tulipata miaka mitatu zaidi. Lakini zile kemikali zilikuwa zimeshakakamaza milango ya moyo, na kwa moyo uliochoka vile hakuna aliyekubali kumlaza tena. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, na chumba cha uani kikamrudia. Alichoka nacho, na alisema wazi kwamba amechoka. Alifariki Iguguno tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwalimu Chrispin.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na ndugu watano. Plasta ile Peniel aliitunza, na amekuja nayo leo. Tunayasoma majina kama alivyoyapanga mwenyewe: Chrispin. Philipo. Hana. Eliana. Clement, asiye na subira. Sara, mjukuu wake wa kwanza, na wadogo zake. Mama Loyce, aliyekuwa hai siku ile. Na la mwisho, ambalo Peniel hakulisoma kwenye benchi: Peniel.

Mungu amlaze pema dada yetu. Magdalena, tuko hapa nje, wote uliotutaja.