Mzee Kasaine na Siku ya "Mkwe Mwenye Ndevu"

Tarehe 30 Juni 1998 Mzee Kasaine Lukumay anastaafu, baada ya kuusimamia mlango wa Kilele Sinema, hapa Arusha, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja mwaka 1967 akiwa kijana mrefu kutoka pande za Ngaramtoni, na anaondoka akiwa mrefu vilevile, ila mvi zimeongezeka. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Najat wa dirisha la tiketi, kazi ya kumwandikia wasifu, kwa kuwa dirisha langu na mlango wake vimetazamana kwa muda mrefu kuliko wanavyotazamana wanandoa wengi wa mji huu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: asiye na tiketi haingii. Enzi za ruksa zilipofika na ukumbi ukauzwa kwa mtu binafsi, mmiliki mpya, Bwana Abdulrahman, alifika asubuhi na funguo mkononi kuja kuangalia mali yake. Kasaine akamwomba tiketi. Bwana Abdulrahman akajieleza, akaonyesha funguo, akapandisha sauti, mwishoni akaja dirishani kwangu akakata tiketi ya kuingia kwenye ukumbi wake mwenyewe. Siku hiyohiyo alimpandisha Kasaine cheo, akawa Bawabu Mkuu. Bawabu mwingine hakuwepo.

Jambo ambalo wageni hawaliamini ni kwamba katika miaka yote hiyo Mzee Kasaine hakuwa akitazama filamu. Alisimama ameupa mgongo ukumbi, macho barabarani. Filamu alizijua kwa masikio, na maoni yake juu ya sinema za makauboi yalikuwa kwamba wale watu wanafyatua risasi mno na ng'ombe wao hawanyweshwi maji.

Basi, haiwezekani kumuaga mtu huyu bila kusimulia ile Ijumaa ya mwaka 1993.

Wakati huo vibanda vya video vilikuwa vimeota kila kona, kuanzia Ngarenaro hadi Sombetini, na ukumbi wetu ulikuwa na viti vitupu vingi. Ndipo Bwana Abdulrahman akapata filamu ya Sefu Tikisa. Wengi wenu mnamjua: yule mchekeshaji wa jukwaani mwenye ndevu nyeusi hadi kifuani, ambaye akisema tu "habari za jioni" watu walikuwa hoi. Sefu alikuwa ametengeneza filamu yake ya kwanza, ya kuchekesha, akaipiga kandokando ya maziwa ya Momela. Iliitwa "Mkwe Mwenye Ndevu".

Kumbi za Dar es Salaam ziliiangalia kwanza faraghani, zikashukuru. Moshi walisema mashine yao imeharibika, na walisema hivyo kabla filamu haijafika. Tanga hawakujibu. Hivyo ikawa kwamba katika dunia nzima filamu ile itaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja tu, nao ni wetu. Bwana Abdulrahman aliitangaza kama heshima.

Ijumaa saa kumi alasiri ukumbi ulifurika. Sefu Tikisa mwenyewe alikuja na suti nyeupe, akitanguliwa na matarumbeta, akaketi mstari wa mbele. Taa zikazimwa.

Nilikuwa nimefunga dirisha, nikaenda kuchungulia. Wasomaji wangu, sijui niseme nini. Sefu alikuwa bwana harusi. Sefu alikuwa pia baba wa bwana harusi, na mpishi, na trafiki, na mama mkwe mwenye kanga mbili na ndevu zilezile, maana alikataa kuzinyoa. Sefu akizungumza na Sefu, hukujua ni nani anamjibu nani. Sauti ilikuja baada ya midomo kufungwa. Ukumbi ulinyamaza kama msibani. Kicheko kilitoka mara moja tu, pale twiga alipopita nyuma ya mama mkwe, akasimama, akamtazama, akaendelea kutafuna. Sefu alisimama akainama kuwashukuru watu. Alidhani wanamcheka yeye.

Baada ya hapo viti vikaanza kulia. Watu walikuwa wanainuka.

Bwana Abdulrahman akatoka mbio hadi mlangoni. "Kasaine! Asitoke mtu! Mwenyewe yumo ndani, ataona aibu, na mji mzima utasema sinema yangu imekimbiwa. Akitoka mtu, na wewe umetoka."

Mzee Kasaine alikuwa na watoto wawili sekondari. Nilimwona akishika kitasa, uso umekunjamana. Kuzuia watu wasiingie alikuwa anakujua. Kuzuia wasitoke kulikuwa kazi mpya, na hakuna aliyekuwa amempa utaratibu. Kwa hiyo akajitungia.

"Kuingia ni kwa tiketi," aliwaambia watu wa mbele. "Kutoka ni kwa sababu. Kila mtu aseme sababu yake."

Wa kwanza alikuwa Melkizedeki, muuza vipuri wa Sombetini. "Mzee, shikamoo. Ng'ombe wangu anazaa."

"Marahaba. Pole sana," Kasaine akasema, na kwa kweli aliingiwa na wasiwasi. "Ni uzao wake wa ngapi? Wa rangi gani? Ndama ametanguliza miguu au kichwa?"

Melkizedeki akafikiri. "Ametanguliza... mkia."

"Rudi ukaketi."

Wa pili alisema ameacha maharage jikoni, lakini alikuwa amekuja na mke wake, na mke akasema nyumbani hakuna maharage. Wakarudishwa wote. Foleni ikarefuka. Nyuma yao, gizani, mama mkwe alikuwa akiimba.

Ndipo akafika Bi Anande, mama wa Kimeru anayeuza ndizi sokoni, kikapu kichwani.

"Mama, sababu yako?"

"Sina sababu, baba. Filamu ni mbaya."

Mzee Kasaine alimtazama kitambo. Kisha akafungua mlango wote, mabawa mawili, hadi jua likamwagika ndani. "Huyu amesema kweli. Apite."

Mnajua kilichofuata. Foleni nzima ilisogea kwa adabu, kila mtu akifika mlangoni anasema, "Filamu ni mbaya, Mzee," naye anajibu, "Pita salama." Wengine walimpa mkono. Bibi mmoja alisema ni mbaya lakini twiga ni mzuri, akaruhusiwa. Melkizedeki alirudi, akakiri kwamba hana ng'ombe, akapita. Kazi yake ilikuwa inamponyoka mkononi mtu kwa mtu, na Mzee Kasaine alilijua hilo. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya koti. Hakufunga mlango.

Wa mwisho katika foleni alikuwa amevaa suti nyeupe.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Sefu Tikisa alisimama mbele ya Kasaine, ndevu zimelowa.

"Sababu?" Kasaine akauliza, kama alivyowauliza wote.

"Filamu ni mbaya," Sefu akasema.

"Ni kweli. Lakini wewe hupiti."

"Mzee, nimesema kweli kama wenzangu!"

"Wenzako ni wageni. Wewe, filamu ni yako. Mtu hamwachi mtoto wake njiani kwa kuwa ni mbaya. Ero, kijana, turudi tukaimalize."

Akavua kofia, akafunga mlango, akamshika mkono yule mtu maarufu, wakaingia wawili kwenye ukumbi mtupu. Oscar, fundi wetu wa mashine, alitoa kichwa kwenye tundu lake akauliza kama azime. "Endelea," Kasaine akamwambia. Wakaketi mstari wa katikati, bega kwa bega, nami nikakaa nyuma yao. Hiyo ndiyo filamu pekee ambayo Mzee Kasaine ameitazama hadi mwisho.

Taa zilipowashwa Kasaine akamgeukia Sefu.

"Yule twiga ni wako?"

"Hapana. Alipita tu."

"Anajua kazi. Na yule mama, pale alipolia kando ya ziwa, nilimhurumia. Pale hukuwa unachekesha."

"Pale nililia kweli," Sefu akasema. "Siku hiyo waigizaji wote walinikimbia. Ndiyo maana nikaigiza kila mtu."

Kasaine akamtazama, akatazama zile ndevu, na kitu kikaanza kumtikisa mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake yote. Sefu naye akashindwa, wakacheka hadi wakashikana.

Kisha Kasaine akalikunja koti lake la kazi vizuri, akaenda kumkabidhi Bwana Abdulrahman. Hakumkuta ofisini. Tulimkuta nje, kivulini, akinywa kahawa.

"Bosi, wametoka wote. Nimeleta koti." Kisha akasita. "Lakini wewe sikukuona mlangoni. Ulitokea wapi?"

"Mlango wa nyuma," Bwana Abdulrahman akajibu, macho kwenye kikombe.

"Sababu?"

Mmiliki wetu alikunywa kahawa yake yote kwanza. "Ileile," akasema. "Vaa koti lako, Mzee."

Jumamosi tulifungua tukitegemea popo. Tukakuta watu wamejaa hadi barabarani. Habari zilikuwa zimefika Themi na kupanda hadi mashambani, na kila mtu alitaka kuiona filamu ile ili apate kuulizwa sababu. Sefu alisimama mlangoni kando ya Kasaine, akipokea hukumu moja moja na kujibu palepale kwa maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Hapo watu walicheka! Walicheka hadi wakaegemea ukuta. Melkizedeki alirudi, safari hii na rangi ya ng'ombe tayari. Jumapili Sefu akaichukua filamu yake akaondoka nayo, na haijaonyeshwa tena popote. Lakini alirudi jukwaani, akawa anasimulia siku alipokataliwa kutoka kwenye filamu yake mwenyewe, na Tanga safari hii walijibu. Kila akipita Arusha huja kumwamkia Mzee Kasaine kwanza, kabla hajafika hotelini.

Mzee Kasaine hakuacha utaratibu wake. Tangu siku ile, anayetoka kabla ya mwisho bado anaulizwa, na filamu kadhaa Bwana Abdulrahman amezirudisha kwa ushauri wa mlangoni.

Kwa niaba ya wenzangu wote namshukuru kwa uaminifu, kwa ukali, na kwa kutufungia mlango vizuri kila mvua ilipopiga. Wafanyakazi tumemnunulia ng'ombe mtamba mwenye mimba kuwa zawadi. Wa kwanza tuliyemchagua, Mzee alimzunguka mara moja, akatuambia mbele ya muuzaji kwamba tumeibiwa, tukabadilishiwa. Wa pili amempenda, yuko Ngaramtoni tayari, na jana nimepata habari kwamba amempa jina langu. Nimewauliza Waarusha wenyewe, wameniambia hiyo ni heshima kubwa. Nimeamua kuwaamini.

Nenda kaketi sasa, Mzee wetu. Umesimama vya kutosha. Tunakuombea afya, malisho mabichi, na Najat azae salama.