Liputa nyekundu pembeni ya ekra

Bamama wenzangu, kama mutoto anaenda kununua ordinateri ya okazio, ile iliyokwisha tumiwa na wengine, asiende mikono mitupu. Jana, ndani ya taksibisi ya Birere, binti mumoja alifungua yake aliyotoka kununua, ya kutengenezea picha za ndoa. Papa mumoja, muuzaji wa maputa, vile vitambaa vya kujifunga bamama, akamuambia: "Piga picha hii liputa yangu nyekundu, uitie humo." Akaitia. Kwa ekra, kile kioo cha kuonyesha picha, ikatoka rangi ya machungwa.

"Unaona? Bibi-arusi atatoka manjano kama ndizi, bwana yake aulize huyu ni nani!" papa akasema.

Tulicheka wote, isipokuwa binti. "Kwa duka walinionyesha video ya samaki ndani yake, papa. Waling'aa sana!"

"Nani anajua rangi ya wale samaki? Rudisha."

"Nitazoea kosa lake, nitakuwa narekebisha."

"Na macho yako yakizoea kosa, nani atayarekebisha?"

Gari likasimama. Papa akampasulia kipande cha ile liputa: "Kiweke pembeni ya kila ekra, ulinganishe rangi."

"Naenda kuangalia tu, papa. Sijasema narudisha." Lakini alishuka akielekea dukani.

Nami nikanyoosha mukono: "Papa, pasua na cha Shakila, mutoto wangu; naye anataka kununua ordinateri."