Mafuta ya Pikipiki ya Anayenidai

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Neema wa Mahongole. Mmenizoea nikikaa benchi la nyuma, kimya. Leo nasema, maana nimechoka!

Baba Neema alipofariki aliacha mkopo wa mbolea ya viazi. Deni lilikuwa la kweli, sikulikana. Lakini matanga hayajaanuliwa, mkusanya madeni akafika na pikipiki kutoka Njombe. Nikampakulia chakula kama waombolezaji wengine. Alipoaga akasema, "Pole sana mama. Sasa, elfu kumi ya mafuta." Kwetu mtu aliyetoka mbali kuja msibani haondoki mikono mitupu, basi nikampa, nikaandika kwenye daftari la rambirambi. Kumbe nimemzoesha!

Akaja kila wiki, nami kila nilichotoa nikakiandika kwenye daftari lilelile. Mafuta, elfu kumi. Barua, elfu tano. Simu, elfu mbili! Yaani apige yeye, nilipe mimi? Na deni liko palepale. Ndugu zangu, mavuno yalipofika sikuwa na hata kiazi cha kuleta kwenye mnada wa sadaka. Nikaona aibu, nikaacha kuja kanisani.

Siku moja redio ikasema wabunge wanataka sheria ya kuzuia gharama hizi wanazoongezewa wadaiwa. Alipokuja nikamwambia. Akacheka: "Mama, sheria ya Dodoma itakuja kwa miguu. Mimi nina pikipiki."

Kejeli ile ndiyo Bwana aliyoniamshia! Nikapeleka mkataba kwa mtendaji wa kata. Akausoma mara mbili. "Mama, mafuta hayamo humu. Barua haimo. Ulikuwa unalipa nini?"

Kusoma najua, nilimaliza darasa la saba. Lakini ule mkataba una sahihi ya marehemu. Kila nikiufunua naiona, naufunga.

Mtendaji akaandika barua, nikaambatanisha lile daftari. Waliotukopesha wakakubali: yote niliyotoa yakaingia kwenye deni. Lililobaki nimelimaliza juzi. Haleluya!

Sheria yenyewe bado, naambiwa. Tuiombee, na tuwaulize wabunge wetu imekwama wapi. Nawe unayejificha kwa aibu, mwamini Bwana, halafu ufunue karatasi yako. Ikikushinda, njoo, tutaifunua sote.

Namshukuru Mungu. Lile debe la viazi pale mbele ni langu. Mnada ukianza, msilinunue kwa huruma!