Piramidi ya Mwalimu Luhende Ilipotazamwa kutoka Juu

Ndugu waombolezaji, majirani wa Lionja na wageni wetu kutoka Malolo na Chinongwe, familia imemteua Tomasi Isaka, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, na kwa kuwa karatasi yoyote inayotoka katika nyumba hii hutazamwa mara mbili, mnaarifiwa mapema kwamba hii haina ramani upande wa nyuma, na atakayetaka kuikagua ataikuta mezani.

Mwalimu Luhende Isaka alizaliwa tarehe 3 Mei 1986 huko Ngudu, Wilaya ya Kwimba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Isaka na Mama Yunisi, akasoma shule ya msingi mwaka 1994 hadi 2000 na sekondari mwaka 2001 hadi 2004, akahitimu ualimu mwaka 2008 mjini Shinyanga, na tarehe 18 Desemba 2010 akafunga ndoa na Hosiana, wakajaliwa watoto wawili, Benedikto na Johari. Mwaka 2013, ndugu zake wakiwa wameshahamia huku na ng'ombe wao, aliomba uhamisho akaletwa Lionja kufundisha hisabati, na wapo waliosema tangu siku ya kwanza kwamba mwalimu huyo ameitwa na wafugaji ili awapimie mashamba ya watu.

Mwaka 2019, kwenye semina ya walimu Nachingwea mjini, alipewa programu huria ya kuchorea maumbo ya hisabati kwenye kompyuta, yaani programu isiyouzwa, ambayo maagizo yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha, na Tomasi alipoelezwa hivyo hakuamini, maana hakuwahi kuona mtu mwenye akili zake akitoa kitu bure na kuonyesha pia kilivyotengenezwa. Marehemu aliandika namba tatu kwa kila kona, umbo likajitokeza kwenye kioo, mchemraba, mcheduara au piramidi, akaligeuza huku na huku ili wanafunzi waone upande ambao ubaoni hauonekani, kisha akalichapisha.

Mwishoni mwa Septemba 2021, kijiji kikiwa kinagombana kuhusu malisho, karatasi moja ilitoweka mezani kwake, ikaonekana mikononi mwa Mzee Mikidadi, jirani yetu mkulima wa korosho na mjumbe wa kamati ya ardhi. Ilikuwa piramidi iliyotazamwa kutoka juu, kwa hiyo ulionekana mraba wenye mistari miwili inayokutana katikati, herufi na namba kwenye kila kona, na wakulima wakasema mashamba yao yamekatwa vipande vinne na pale katikati litachimbwa lambo la kunyweshea ng'ombe, huku wafugaji nao wakisema wanafungiwa ndani ya bikoni, yale mawe ya mipaka. Kwenye mkutano wa kijiji wa Jumamosi tarehe 9 Oktoba 2021, marehemu alifungua kompyuta akaugeuza mchoro ule mpaka ukasimama kama paa la nyumba, na hilo ndilo lililomponza zaidi, kwani Mzee Mikidadi alisimama akauliza chombo kinachogeuza mchoro watu wakitazama kitashindwaje kugeuza mpaka wa shamba. Januari 2022 marehemu alihamishiwa Malolo, Ruangwa, akawa anaiona familia yake mwisho wa wiki.

Hapa nyumbani lawama za kuitoa karatasi zilimwangukia Mwanaima, mke wa Mzee Mikidadi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka kuazima kinu, na Hosiana akaacha kumsalimia. Agosti 2022 Raudha, binti wa Mwanaima na Mzee Mikidadi, wa darasa la saba, alimwonyesha baba yake mraba uleule kwenye daftari, akaweka juu yake piramidi ya boksi waliyoitengeneza shuleni, na Mzee Mikidadi akapanda bodaboda hadi Malolo kuomba radhi, akaeleza kwamba karatasi aliikuta imesukumwa chini ya mlango wa ofisi ya kijiji, lakini Hosiana aliona anamfichia mkewe.

Februari 2025 marehemu alianza kuvimba miguu, ikabainika ni figo, akalazwa tarehe 24 Mei, Tomasi akamuuguza siku kumi na saba. Tarehe 8 Juni alimwagiza Tomasi akamwambie Mama Raudha kwamba amemsamehe kuhusu ile karatasi, akimtazama machoni muda mrefu, Tomasi akajibu sawa kaka, akatoka kwenda kumtafutia uji. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ujumbe huo haujamfikia Mama Raudha, kwa sababu hakuwa na kosa la kusamehewa. Tomasi ndiye aliyeiona karatasi mezani, akadhani kaka yake anagawa malisho kwa siri bila kuwashirikisha ndugu zake, akaona haya kumuuliza, akaisukuma chini ya ule mlango ili ofisi imuulize, kisha kwa zaidi ya miaka mitatu akamwacha mwanamke wa watu abebe aibu hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Lionja na Malolo, Mzee Mikidadi aliyetoa mbao za jeneza, na majirani wote mliokesha nasi. Mama Raudha, umepika hapa tangu jana na bado hujasalimiwa, Tomasi anakuomba radhi mbele ya watu hawa, nawe shemeji Hosiana, hasira zako zote zihamishie kwake. Na wewe kaka, Tomasi anashuku kwamba ulikuwa unajua ni nani aliyeitoa karatasi ile, upumzike kwa amani.