Mke Mwenza wa Bi Gulandam

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na jiko, chai ya chumvi iwe mkononi. Leo tunamkumbuka Bi Gulandam. Bi Gulandam, mke wa Mzee Duran, yule mpagazi wa Tirich Mir. Amefariki kwao, Baroghil, na amezikwa huko huko. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Gulandam wa Mzee Duran hatunaye tena.

Najua mmeshaanza kutabasamu. Kila aliyemjua akisikia jina lake hutabasamu kwanza, kisha ndipo alie. Maana mama huyu alikuwa na wivu. Na si wivu huu wangu na wako wa kunusa shati la mume akirudi safari. Bi Gulandam aliuonea wivu mlima. Tirich Mir wenyewe, huu tunaouona kila tukitoka mlangoni.

Alizaliwa Baroghil, kule mwisho wa bonde, kwenye nyasi na upepo, mti wa kuegemea hakuna. Duran alikwenda huko kununua dume la yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Akarudi na habari za mchumba. Yule yaki hata hakumkumbuka.

Siku ya harusi bibi harusi akashushwa kwenye farasi hapa kijijini kwetu. Mawifi wakamzunguka. Badala ya kumtazama yeye, wakamgeuza shingo autazame mlima. "Umeuona? Ule pale. Umeuona?" Nao siku hiyo ulikuwa mweupe, uko wazi, unaringa. Wifi mmoja, Bi Mahtab, ambaye bado yu hai na ulimi wake bado mkali, akamwambia, "Karibu, wifi. Yule ndiye bi mkubwa. Kaka yetu alianza naye kabla yako."

Ulikuwa utani. Mnaujua utani wetu: mwanamume anayepanda juu sana hupendwa na pari wa mlimani. Na pari ni majini wa kike, warembo, hawazeeki, na hawakubali kugawana mume. Sisi tunayasema hayo tukicheka. Bi Gulandam hakucheka. Asubuhi alikuwa bibi harusi, jioni ameshajua ana mke mwenza.

Bi Mahtab aliniambia juzi, "Nilitania tu, jamani. Ningejua, ningekaa kimya." Kisha akaongeza, "Lakini kaka naye alizidi."

Ni kweli, alizidi. Duran akiamka, kabla hajanawa uso, anatoka nje kuutazama mlima. Akirudi ndani ndipo anamsalimia mkewe. Bi Gulandam akavumilia msimu mzima wa baridi. Theluji ilipoyeyuka, akakanda udongo na makapi ya ngano, akaliziba dirisha la upande ule. Mume anatoka shambani, anakuta ukuta.

"Gulandam, dirisha liko wapi?"

"Dirisha la nani?"

"La kutazamia nje."

"Nje kuna mlango. Mke mwenza hapewi dirisha nyumbani kwangu."

Binti yao, Nuriya, anasema, "Sisi tumelelewa kwenye giza la wivu wa mama. Nikitaka kutunga sindano natoka uani." Alisema hivyo akicheka, na machozi yakimtoka.

Basi, wasikilizaji wapendwa, mama huyu alikuwa na swali moja. Kila Duran alipofunga mizigo ya kuwapeleka wageni mlimani, alimwuliza swali hilo hilo. "Baba Nuriya, kati yangu na yule, nani?" Na Duran alijibu vile vile miaka yote. "Wewe nawe." Wewe nawe! Wanaume mnaonisikiliza, hilo ni jibu? Mwanamke amekukabidhi roho yake, unamwambia wewe nawe?

Kuna wakati alifika mgeni, mwalimu wa jiografia kutoka Peshawar. Akalala kwao, akapewa mkate uliotiwa kokwa za jozi. Akaanza kuusifu mlima: ndio mrefu kuliko yote ya safu ya Hindu Kush. Bi Gulandam akammiminia chai shingo upande. Mwalimu hakuona, akaendelea. Akasema kuna kipimo kingine, cha kujua mlima unasimama peke yake kiasi gani. Unateremka kutoka kileleni kuutafuta mlima unaouzidi. Unafuata migongo ya milima, unachagua njia isiyoshuka sana. Pale chini kabisa unapolazimika kufika kabla ya kuanza kupanda tena, ndipo kipimo kinapoanzia.

"Na huyu wetu anapimiwa wapi?" Bi Gulandam akauliza.

"Mbali sana, mama. Baroghil."

Akaliweka birika chini. "Baroghil ipi?"

"Ile ya mpakani."

"Kwenye nyasi? Wanakolisha yaki?"

"Hapo hapo."

Nuriya anasema mama yake alisimama, akafunga ushungi vizuri, akatoka uani. Ndiyo mara ya kwanza walimwona akiutazama mlima uso kwa uso. "Umesikia?" akauambia. "Ukubwa wako wote unapimiwa miguuni kwetu. Hapo unapoanzia wewe, ndipo nilipokamulia yaki mimi." Majirani wakasikia, kijiji kizima kikasikia. Kuanzia siku hiyo, mtu akiusifu mlima mbele yake, anaambiwa, "Mwulize kwanza anapimiwa wapi."

Mngedhani ameshinda, amepoa. Hakupoa. Mume bado alikuwa anatoka kuutazama mlima kabla ya kunawa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Duran alibeba mizigo ya watu mlimani ujana wake wote, lakini kileleni hakuwahi kufika. Narudia, kileleni hakuwahi kufika. Mpagazi huishia kambi ya juu, anatua mzigo, anageuka. Kisha wakaja wageni waliomjua vizuri, wakamwambia, "Duran, safari hii hubebi tu. Utafungwa kamba moja na sisi mpaka juu." Watu wanasema alitembea kijijini siku hizo akizungumza peke yake kwa furaha.

Kwao Bi Gulandam, mtu akisafiri, mkewe humpaka unga kwenye bega la kulia. Ni baraka ya kwenda na kurudi. Bi Gulandam, kwa wivu wake wote, hakuwahi kumnyima mumewe unga. Asubuhi ile akashika bakuli, akauliza, "Baba Nuriya, kati yangu na yule, nani?"

"Wewe nawe," Duran akasema, macho yako mlimani.

Akaurudisha unga kwenye gunia. Duran akaondoka na bega tupu.

Siku chache baadaye kilele kikaanza kufuka. Ni upepo tu unaopeperusha theluji, hata watoto wa shule wanajua. Lakini sisi hapa tuna maneno yetu: kilele kikifuka, pari wanaoka mkate wa harusi. Bi Gulandam akatazama ule moshi, akalikumbuka lile bega. "Wanamfungisha ndoa," akamwambia Nuriya. Akafunga unga kwenye ncha ya ushungi, akashika njia. Akaupita mto wa barafu kwa viatu vya mpira. Alipofika kambini, miguu ilikuwa inatoka damu. Wapagazi waliokuwapo ndio walionisimulia.

"Mama Nuriya," Duran akasema, "umefikaje huku?"

"Kwa miguu."

"Kesho tunaanza kupanda. Safari hii nafika juu."

"Juu kuna mkate unaokwa, na si wangu. Unga ninao hapa. Nikupake uende, au ushuke na mimi, utachagua mwenyewe. Lakini leo nijibu."

Duran akautazama mlima, akamtazama mkewe, akaitazama ile miguu. Kamba ilikuwa begani kwake. Akaivua, akampa mwenzake. Akamshika mkewe mkono wakashuka, neno hakusema. Wale wengine walifika kileleni na wakarudi salama. Duran hakupata nafasi nyingine tena.

Hakuwahi kumlaumu. Na Bi Gulandam hakuamini kuwa ameshinda. Nuriya anasema mama yake alikuwa akirudia mpaka uzeeni, "Alishuka kwa kuihurumia miguu yangu. Moyo aliuacha kule kule." Asubuhi mzee akitoka kuutazama mlima, yeye anasimama mlangoni, anautazama mgongo wa mumewe.

Kiangazi hiki akaugua, akaomba apelekwe kwao. Mzee Duran akampandisha farasi, akashika hatamu mwenyewe mpaka Baroghil. Bi Gulandam akafia mikononi mwake. Siku za matanga zikaisha, tukamngoja mzee arudi. Hakurudi. Nuriya akamfuata. Akamkuta anachunga yaki wa shemeji zake, karibu na kaburi. Kutoka kule, Tirich Mir hauonekani kabisa.

"Baba, twende nyumbani. Huku hata mlima wako huuoni."

"Nirudi kwa nani?" mzee akasema.

Kisha akasema, "Siku ile nilishuka kwa ajili yake. Si kwa ajili ya miguu."

"Ulimwambia, baba?"

Mzee akalitazama kaburi. "Nilidhani ameona," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nampa pole Mzee Duran. Pole Nuriya, mwanangu. Pole Bi Mahtab, na ndugu wote wa Baroghil. Mungu amlaze mama yetu pema.

Nami ni mke wa mtu, sitawaficha: namwonea wivu Bi Gulandam. Nani kati yetu mumewe ameacha mlima kwa ajili yake? Lakini yeye mwenyewe hakujua. Alikufa akidhani yeye ni wa pili. Basi wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu hapo nyumbani amekuuliza jambo hilo nawe ukamwambia wewe nawe, izime redio sasa hivi, umjibu.