Ba Eness na Chati ya Kichwa Chini

Naomba munisamehe. Sista mukubwa wa kliniki aliniambia niandike haya ya kumuaga Ba Eness tangu mwezi wa sita, na leo tu njo nimekaa. Kila nikishika kalamu, mutoto moja analia na mwengine ana homa.

Ba Eness Kalaba (“Ba” huku ni neno la heshima), munganga wa macho wa kliniki yetu hapa Nchelenge, Zambia, anapumzika kazi tarehe 30 Septemba 1998, kisha ya miaka makumi mbili na saba ya kazi. Alianza ku kituo cha Kafutuma, akifunga vidonda na kuzalisha bamama. Halafu balimutuma kusomea macho, akarudi na tochi, chati ya herufi E zinazotazama huku na huku, na tabia moja: haamini mutu.

Mimi, Priscille, mama Bénie, nilivuka ziwa Mweru kutoka Congo mwaka wa 1996. Ba Eness alinichukua niwe mukalimani, sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki. Mugonjwa wa Congo akiingia, alimuuliza jicho lake ni bei gani.

Hippolyte, muchuuzi wa samaki, anamukumbuka vizuri. Alikuja akipapasa ukuta, akisema miwani aliyopewa imeanguka tena mu maji. Ba Eness aliangusha ndoana ndogo karibu na mguu wake. Hippolyte akaruka pembeni. “Jicho linaloona ndoana halina haja ya miwani ya tatu,” alisema Ba Eness. “Zile mbili uliuza ng’ambo, Pweto?” Hippolyte mwenyewe alicheka, akatuletea samaki.

Sasa niseme ya nyumbani kwangu. Mutoto wangu Bénie ana lupus. Ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili inageuka kupiga mwili wenyewe. Ulimushika akiwa na miaka kumi. Alama nyekundu ilimukaa usoni kama mabawa ya kipepeo, magoti yakavimba. Majirani balisema ni bulozi, kwamba mutu amemuroga. Bengine balisema ni ule ugonjwa wa siku hizi, bakaacha kukalia kiti chetu. Daktari alimupa prednisolone ya kutuliza uvimbe, na klorokini ya kila siku.

Hapo na mimi nikashuku. Klorokini ni ya malaria, mutoto hana malaria, anamezea nini? Ba Eness akifungua chupa, nilikuwa naangalia vidole vyake.

“Mama Bénie, unanichunga kama mutu wa duane ku mupaka,” aliniambia. “Nichunge tu. Klorokini inatuliza lupus pia. Mimi nitachunga macho ya mutoto. Lupus inaweza kuyaingia, na dawa hizi pia, na yeye hatasikia maumivu yoyote.”

Alimupima kila miezi mitatu. Bénie alionyesha kwa mukono kila E inatazama wapi, hadi mustari wa chini kabisa, bila kukosa. Mimi nilifurahi. Ba Eness hakufurahi. “Huyu anajibu kabla sijanyosha kidole,” alisema.

Mwaka jana, siku moja, aligeuza chati kichwa chini, halafu akamwita. Bénie akaanza: juu, kuume, chini, kushoto, haraka kama sala. Kila jibu lilikuwa kinyume. Batu ku benchi balicheka. Mimi sikuweza. Mutoto alikuwa anakaa ku benchi ile kila siku kisha ya masomo, akinisikia nikitafsiri majibu ya bagonjwa bote. Chati ile aliishika kwa sauti yangu.

“Nikisema sioni, mutaninyima dawa,” alilia, “na magoti yatarudi.”

Ba Eness hakumugombeza. Alimwangaza kwa tochi, polepole, jicho moja kisha lingine. Ukungu ulikuwa umeanza mu macho yote mawili. Daktari alipunguza prednisolone, sababu njo iliyoleta ukungu, kidogo kidogo, si kwa mara moja, na ukungu ukasimama pale pale. Leo Bénie anasoma, amekaa benchi la mbele, na kofia kichwani sababu jua linamuumiza.

Ba Eness anarudi kwao Mununga, kwenye mihogo yake. Nafasi yake inachukuliwa na munganga Misheck. Ni kijana mupole, anaamini kila mutu, na hiyo njo inaniogopesha. Bénie anamupenda sana. Hata hilo nalishuku.

Ba Eness, asante kwa kutotuamini. Uende salama, nguruwe basiingie mihogo yako, na bachuuzi ba Mununga basikudanganye. Bakijaribu, nabahurumia.

Nanyi bakubwa wa bilo, ofisi ya afya, mutakaokuja kula wali wa sherehe, tunaomba bado mututumie: betri kubwa mbili za tochi, matone ya kupanua mboni, kofia moja pana ya mutoto wa miaka kumi na mbili, na chati mupya, yenye mistari ambayo Bénie hajaiona. Ile ya zamani anaijua sasa hata kichwa chini.